Mafuta ya Kisima cha Kihoto

Senge wangu Nabalayo aliosha mawe miaka sita. Si mawe ya kujengea. Ni mawe yaliyosagwa na mashine maelfu ya futi chini ya ardhi, yakaletwa juu yamejaa tope, naye akayaosha kwa chujio mpaka yakawa safi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Kihoto walipokuwa wakimcheka walijifanya hawalijui. Kwao alikuwa mama wa chapati hapo karibu na stendi ya bodaboda, na tena dada ya mwizi.

Huyo mwizi ni baba yangu, Gedion. Hakuiba.

Senge ni dada ya baba. Sisi Wabukusu ndivyo tunavyomwita shangazi wa upande huo. Alikuja Naivasha akiwa msichana kuchuma maua, dawa ikamchubua vidole, akaacha. Kisha ajenti akampeleka Iraki, kaskazini, kwenye kambi ya kuchimba mafuta chini ya milima mirefu yenye theluji. Alipelekwa kufagia. Lakini palikuwa na mzee Mmisri, mtaalamu wa mawe, na msaidizi wake alikuwa mzembe kabisa. Pakiti za mawe ya futi elfu mbili alizichanganya na za futi elfu tatu. Siku moja Senge aliingia na ufagio, akaziona, akazipanga zote upya kwa namba bila kuambiwa na mtu. Mzee alimwangalia mpaka akamaliza. Kesho yake akampa chujio, na ufagio akapewa mwingine.

Hana cheti cha hiyo kazi. Alirudi na mgongo mbovu na tabia ya kupanga kila kitu kwa mstari. Hata unga wake una tarehe.

Baba alikuwa mlinzi wa yadi ya malori ya Ephantus. Yadi iko juu kidogo, sisi tuko chini, halafu ni ziwa. Ndani ya yadi kuna tenki la dizeli limezikwa ardhini, na kila asubuhi Baba alikuwa akitumbukiza kijiti kirefu chenye alama, anaandika kwa kitabu. Ziwa lilipopanda mwaka huu, maji yakaingia nyumba za chini, tukatoa magodoro nje. Juma hilo hilo kijiti kikaanza kutoka na alama ndogo, hata siku ambazo hakuna lori lililojazwa. Baba ndiye aliyesema. Alienda mwenyewe kwa Ephantus, kofia mkononi, akamwambia, "Chairman, mafuta inapungua na sijui inaenda wapi." Akasema mara ya pili. Akasema mara ya tatu. Mara ya nne Ephantus alileta polisi.

Yaani mwizi gani huyo anayekuja kujishtaki mara tatu? Nimeuliza hilo swali watu wazima wengi na wote wameangalia viatu vyao. Baba alilala selo siku nne, akatoka kwa bondi, akapewa tarehe ya korti. Watu waliokuwa wakimsalimia "mzee Gedion" wakaanza kuficha vibuyu vya mafuta ya taa akipita.

Wakati ule ule kisima chetu kikaanza kung'aa.

Ni kisima cha futi ishirini tu, tunakichotea ploti sita. Ephantus ndiye mwenyekiti wa kamati yake, ndiyo maana anaitwa Chairman. Njoki, jirani yetu, mama ya Kimberly, ndiye aliyeona kwanza. Alivuta ndoo, na juu ya maji kulikuwa na rangi rangi, ya zambarau na kijani, inazunguka polepole. Akaita watu. Wakanusa. Muturi, anayepakia malori kule yadi, jamaa mwenye mwili mkubwa na kelele ya kutosha, akapiga magoti akasema, "Hii ni oil! Watu wangu, tumeomoka!"

Na waliamini. Nisiwacheke sana, maana ukisimama kwetu unaona mvuke wa Olkaria ukipanda nyuma ya vilima, unajua kwamba chini ya hii nchi kuna kitu. Redio imesema Turkana kuna mafuta. Na Januari gari jeupe lilisimama barabarani, watu wenye kofia ngumu wakapima kitu, wakaenda bila kusalimia. Kwa hiyo wakaunganisha. Kamati ikakaa. Wakaomba. Ephantus akatoa shukrani ndefu, akajaza maji ya juu kwa chupa ya juisi, akasema ataiweka kwake. Halafu wakaapa kwamba hakuna mtu wa nje ataambiwa, kwa sababu wengi wetu hapa hatuna hatimiliki, tuna barua tu, na serikali ikisikia kuna mafuta itatuhamisha asubuhi.

Kwa maji ya kunywa wakakubaliana hivi: toa ya juu, chota ya chini, chemsha.

Wiki mbili walikunywa hivyo. Sitasema Ephantus alijua siku ile ya maombi ni mafuta gani. Sikuwa ndani ya kichwa chake. Lakini naona kwamba nyumbani kwake analetewa maji na mkokoteni.

Senge hakuwepo, alikuwa Bungoma kwa mazishi. Aliporudi alienda kisimani na mtungi kama watu wote, akaona, akasimama. Akachukua kijiti, akakata ile rangi katikati. Ikafunguka, kisha ikajifunga tena.

"Ingekuwa kutu ya maji ingevunjika vipande kama kioo," akasema. "Hii inajirudisha. Ni mafuta kweli."

Watu wakapiga vigelegele.

"Lakini si ya hapa. Mafuta haikai mahali ilizaliwa. Ukiyaona, usiulize yako wapi. Uliza yametoka wapi."

"Auntie, hiyo Kiswahili ya Iraki hatuskii," Muturi akasema. Watu wakacheka.

Senge akatazama kando. Godoro la Njoki lilikuwa limelazwa kwenye nyasi likauke. "Muturi, kuja ukae hapa ukingoni."

"Godoro ya mwenyewe? Mathe, nitapigwa."

"Kaa, bwana."

Akakaa. Sponji ikabonyea chini yake na kando yake. Senge akainama, akachukua mchanga kiganjani, akaumwaga pale kando ya matako ya Muturi palipobonyea. Mchanga ukateleza, ukajaa humo.

"Muturi ni mlima," akasema. "Kule nilikokuwa, nchi moja ilisukuma nyingine, ikakunjana, ikawa mlima, na mlima ukaikalia nchi iliyo kando yake. Ikabonyea hivi. Kwa hilo bonde bahari ikaingia, na vidudu vya bahari vikafa vikazama kwa tope. Mlima nao unamomonyoka, mvua inaleta uchafu wake, unafunika. Juu ya huo, mwingine. Miaka mamilioni. Ile tope ya chini inaenda chini zaidi na inaiva. Moto ukiwa kidogo hakuna kitu. Ukiwa wa kiasi, mafuta. Ukizidi, gesi."

"Sasa si ni hiyo tu?" Njoki akasema. "Imeiva imekuja."

"Ngoja, mama Kimberly. Ikiiva ni nyepesi kuliko maji. Inaondoka. Inapitia mawe yenye matundu, inapanda polepole kufuata ule mteremko, inaenda mbali kabisa na mlima, hata siku nzima ya gari. Inasimama tu ikikuta mwamba uliokunjika na udongo mgumu juu yake kama kifuniko. Hapo ndipo tulikuwa tunatoboa. Sasa hapa kwetu, mlima gani umekalia nani? Hapa nchi inavutwa huku na huku, inapasuka. Chini ni majivu ya volkeno na moto wa Olkaria."

"Na Turkana? Si ni Bonde la Ufa hili hili?"

Hilo swali la Muturi lilikuwa zuri na Senge alilikubali kwa kichwa. "Kule kulikaa maziwa makubwa miaka na miaka, tope ikazikwa polepole chini sana, ikapata muda. Haikuchimbwa kwa jembe futi ishirini. Na ikitoka ardhini ni nyeusi, nzito, inaganda kama Kimbo ya kupikia. Hii ni nyembamba na inanuka lori. Hii imetoka kwa tenki."

Kila mtu alijua kuna tenki moja tu.

Ephantus alikuwa nyuma ya watu. Akaja mbele akitabasamu, mikono mgongoni. "Mama Chapati, tunakuheshimu. Lakini hebu tuseme ukweli. Ndugu yako ana kesi ya kuiba dizeli yangu. Leo unakuja kutuambia dizeli yangu imejiibia yenyewe, imetembea, imeingia kisimani?" Watu wakaangua kicheko. Akawageukia. "Alienda Uarabuni kufua, amerudi na digrii!"

Walicheka wote. Njoki pia alicheka, akiwa na Kimberly mgongoni, mtoto aliyekuwa ametapika asubuhi hiyo na jana yake. Nilikuwa nimemwona akipangusa blanketi. "Ni meno," alikuwa amesema.

Senge alijaza mtungi wake akaumwaga hapo hapo, akaondoka. Njiani aliniambia, "Mtu akikucheka, mpe kitu cha kushika mkononi. Maneno anayatupa."

Jumamosi akafunga kibanda. Aliazima kwa fundi wa nyua chuma kile cha kutobolea mashimo ya nguzo, akaunganisha kipande cha bomba kiwe kirefu. Akaanzia kisimani, akapanda kwenye njia kuelekea yadi, kila hatua ishirini shimo moja jembamba. Baba alizungusha chuma, maana mgongo wa Senge haukubali. Kila futi moja alisema "simama," akatoa udongo, akaunusa, akauweka kwa bakuli ndogo la plastiki na kuandika kwa biro kwenye kikaratasi: shimo la ngapi, futi ya ngapi. Juu palikuwa na udongo mweusi. Chini yake mchanga wa yale mawe mepesi ya volkeno yanayoelea majini. Chini ya huo ufinyanzi wa ziwa, mgumu, unaoteleza. Maji na harufu vilikuwa kwenye ule mchanga, juu ya ufinyanzi, kama chai juu ya trei.

Watu walipita wakisema mambo. Mmoja alisema Senge anaweka nguzo anyakue njia. Mwingine akamwambia Baba, "Mzee, unachimba ulipoficha?" Baba akaendelea kuzungusha.

Shimo la sita halikuwa na kitu. Senge alinusa mara tatu, akaketi chini kwenye vumbi. Mimi nilifikiri basi, imeisha, tumeaibika bure. Akatukana kwa Kiarabu, akainuka, akatembea hatua kumi kushoto ambako njia inabonyea, akasema, "Hapa." Harufu ikatoka kwa nguvu mpaka Baba akageuza uso. Mafuta hayakuwa yamefuata njia yetu, yalifuata mteremko wao wa chini. Saa kumi jioni walifika ukuta wa yadi. Mabakuli ya maana yalikuwa kumi na moja.

Kisha akaniambia, "Nenda kwa Chepkorir uombe ile taa yake."

Chepkorir ana duka la M-Pesa, na ana ile taa ndogo ya zambarau ya kuangalia noti feki. Akanipa bila kuuliza ni ya nini. "Ukivunja utanijua," akasema tu.

Jumapili watu walitoka kanisani wakapitia kisimani na mitungi, kama kawaida. Wakamkuta Senge ameweka mabakuli kwa mstari juu ya benchi, la kwanza la kisimani, la mwisho la ukutani, na blanketi zito limetandazwa juu yake kama hema.

"Leo ni sinema?" Muturi akauliza.

"Ni sinema. Ingia."

"Mimi?"

"Wewe ulikuwa mlima. Ingia."

Aliingiza kichwa na mabega, miguu ikabaki nje, watu wakamcheka yeye sasa. Senge akampa taa. Kule Iraki walikuwa na sanduku lenye taa kama hiyo. Mawe yenye mafuta yanawaka ukiyamulika, mawe makavu hayawaki. Alikuwa ameweka pia bakuli moja la udongo wa uwanja wa shule, mbali kabisa, ili watu waone tofauti.

Muturi alikaa humo muda. Alipotoka hakuwa na kelele.

"Inang'aa," akasema. "Kama shati nyeupe kwa disko. Ya hapa kisimani kidogo, halafu inazidi, inazidi. Ya mwisho ni kama stima."

"Na ya shule?"

"Giza."

Wakaingia mmoja mmoja. Wazee, wamama, watoto waliokuwa wakisukumana. Njoki aliingia na Kimberly, na tulimsikia kutoka chini ya blanketi akimwita Mungu, "Ngai." Alitoka akaenda moja kwa moja kwa mtungi wake, akaupiga teke. Maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vya Ephantus, ambaye alikuwa anafika na Biblia kwapani.

"Nini hii?" akauliza.

"Fungua tenki lako tuone," Senge akasema.

"Nifungue kwa amri ya nani? Huo udongo mmeumwagia wenyewe. Huyu Gedion ana dizeli yangu, si ndiyo? Mkaimwaga kwa mashimo jana nzima. Watu wote waliwaona mkichimba!"

Nikaona watu wanasita. Nilitaka kupiga mayowe. Uongo mwepesi tu, na tayari nusu yao walikuwa wanageuza vichwa kumwangalia Baba.

Ni Muturi aliyesema, tena kwa sauti ndogo. "Boss, lakini ile kifuniko ya tenki si imelala upande tangu ziwa ipande?"

"Nyamaza, Muturi."

"Maji ya chini imeinua tenki. Ukaniambia niweke mawe juu irudi. Nikaweka mawe nane. Ukaniambia nisiseme kwa sababu watu wa mazingira watakufungia yadi."

"Lini?" Senge akauliza.

Muturi alihesabu kwa vidole. "Kabla Gedion ashikwe. Kama siku tano hivi."

Siku tano. Alijua tenki limeinama, alijua mafuta yanapungua, alimsikiliza Baba na kofia yake mkononi mara tatu, kisha akampigia polisi simu. Halafu akaja kisimani akatuombea. Akaona watoto wanachota, akasema toa ya juu, chota ya chini.

Nilitarajia watu wampige. Hawakumpiga. Wakaanza kuongea wote pamoja kuhusu maji, nani atawaletea maji, hospitali ni ipi inafunguliwa Jumapili. Ephantus akajipenyeza akaondoka. Hakuna aliyemwambia Baba pole. Baba aliviringisha blanketi.

Jumanne Ephantus alikuja kibandani. Alikuwa amevaa suti. Akaketi kwenye benchi bila kuagiza chai.

"Mama, nimefikiria. Nimeenda stesheni nikaondoa ile kesi. Mimi ni Mkristo. Nimemsamehe Gedion."

Senge aligeuza chapati. "Umemsamehe nini?"

"Ile mambo."

"Mambo gani, Chairman?"

"Wacha tusirudi nyuma."

"Mimi kazi yangu ilikuwa kurudi nyuma." Akapaka mafuta, akageuza tena. "Kesi ukiondoa hivyo, watu watasema aliiba na mwenyewe akamwonea huruma. Atatafuta kazi ya ulinzi Naivasha nzima na hatapata. Hatutaki msamaha wako. Peleka kwa mwenye anauhitaji."

"Sasa mnataka nini?"

"Karatasi. Uandike kwa mkono wako, usiandikiwe. Kwamba tenki ilipasuka, ulijua, na Gedion hakuiba. Uisome kisimani, watu wakiwa hapo. Kama hutaki, yale mabakuli na Muturi tutapeleka kwa hao watu wa mazingira."

"Na nikisoma hamtapeleka?"

"Kisima lazima kipimwe, watoto wamekunywa. Hiyo nitapeleka tu. Lakini ukisoma, nitawaambia pia kwamba ulisoma."

Ephantus alimtazama Senge usoni. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kucheka, hakupata.

Jumamosi tulikusanyika. Wanaume walikuwa wanapigilia mabati juu ya mdomo wa kisima, na Njoki alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu SUMU. Kimberly alikuwa ametoka hospitalini, amekonda, anakula ndizi. Ephantus akatoa karatasi, akasoma haraka haraka kama mtu anayesoma matangazo. Alisoma habari za ziwa, za tenki, za bahati mbaya. Alipofika kwa Baba sauti ikashuka, akarukia mwisho.

"Umeruka," Senge akasema.

"Nimesoma yote."

"Rudia hapo pa hakuiba."

Nyundo zikanyamaza. Ephantus akapangusa midomo. "Gedion hakuiba," akasema. "Nilijua tenki inavuja."

Hapo nyuma Chepkorir alikuwa anakuja na njia, ametoka kufunga duka, anauliza watu kama amechelewa. Baba akavua kofia, akamtengenezea nafasi ya kusimama mbele.

"Chepkorir amefika sasa hivi," akamwambia Ephantus. "Anza mwanzo."